Ukuta Mmoja, Kiganja Kimoja

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ile ya majini na wafalme, hii ni zamani ya juzijuzi, watu wana simu mifukoni na bado wanapotea njia, palikuwa na mji wa pwani uitwao Mtandawala. Mji wenyewe mdogo. Ukipiga chafya mwanzo wa mji, wa mwisho wa mji wanakuombea afya. Lakini ulikuwa na gofu, na gofu hilo ndilo lililozua maneno yote nitakayowasimulia. Sogeeni basi. Mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Gofu lilikuwa jumba la mawe la watu wa kale. Paa lilishakwenda, wenye nyumba walishakwenda, zikabaki kuta, na kuta zilichongwa nakshi za chokaa: maua, nyota, kamba zilizosokotana. Chini ya kila ukuta, kwenye pembe ya kulia, palikuwa na alama ya kiganja cha mtu. Mtu alikibandika chokaa ikiwa mbichi, kikabaki mpaka leo. Wenyeji walirithishana maneno haya: mwenye kiganja ni yule ambaye bila yeye ukuta usingekuwapo. Sultani aliyeamuru hayumo, tajiri aliyetoa mali hayumo. Ni mtu wa kazi. Na ukuta mmoja, kiganja kimoja. Viwili hutavikuta, hata ulizunguke gofu zima na kurunzi mkononi.

Sasa, katika mji huo alikuwapo mama mmoja jina lake Somoe, mpishi wa shughuli. Harusi anapika yeye, hitima anapika yeye, maulidi anapika yeye. Mikono yake minene, sauti yake inatoka jikoni inafika barabarani, na mwiko wake mrefu kuliko baadhi ya wanaume wa mji ule. Watu walimpenda Somoe. Nani asiyempenda mwenye pilau?

Lakini Somoe alikuwa na jambo moyoni. Kila alichokitengeneza maishani kililiwa siku hiyo hiyo. Anakoka moto alfajiri, ikifika alasiri masufuria ni matupu, watu wanajilamba vidole, wanamwombea dua, wanakwenda zao. Kesho yake hakuna hata alama. Seremala kachonga mlango, mlango upo. Msusi wa mikeka kasuka, mkeka upo. Yeye ana nini cha kuonesha? Ana masizi.

"Nikifa," alimwambia jirani yake siku moja, "watasema pilau ya marehemu ilikuwa tamu. Na hao wanaoikumbuka wakifa, basi, nimekufa mara ya pili."

"Somoe nawe!" jirani akasema. "Hebu nipe hilo kombo la ukoko."

Ndivyo watu walivyokuwa wakimsikiliza.

Basi akaja mjini mwalimu wa sanaa mstaafu, Bi. Mwajabu, mama mwembamba, miwani imemshukia puani, asiyependa kuona mtu amekaa bure. Akaomba ghala la zamani la nazi kavu, akalifagia, akatangaza darasa la sanaa kwa watu wazima. Watoto wasije, alisema, watoto wana shule yao. Nataka wakubwa. Tutakwenda kwenye gofu, tutatazama walichofanya wazee wetu, kisha tutafanya cha kwetu kwa mikono yetu.

Mji ulicheka wiki nzima. Wazee wazima wanakwenda kucheza udongo! Lakini wakaenda, kwanza mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kupita njia. Siku ya kwanza waliambiwa wachore nyota ya gofuni, na mwanamume mmoja akachora kitu ambacho darasa lote liliapa kuwa ni kaa, tena kaa mwenye hasira. Akacheka naye, akarudi kesho. Baada ya mwezi ghala lilikuwa limejaa: wanafinyanga vigae, wanapiga chapa vitambaa, wanabishana kuhusu rangi ya buluu kwa ukali wa kugombea mpaka wa shamba. Furaha iliyokuwa ndani ya ghala lile, nawaambia, hata harusini huikuti.

Somoe naye alikwenda. Alikwenda na kanga ya kazi, akajaribu kuchora, hakuweza. Akajaribu kuchonga, akavunja. Lakini siku walipoanza kukanda chokaa, Bi. Mwajabu alimtazama anavyoizungusha, akasema, "Bi. Somoe, hapo hapo ulipo usiondoke." Kumbe chokaa inataka mkono wa mtu aliyezoea kusonga ugali wa watu mia. Somoe akawa mkandaji wa darasa.

Katika darasa hilo walikuwamo wanaume wawili ambao lazima niwatambulishe, maana bila wao hakuna ugomvi, na bila ugomvi mtaniambia hadithi haina chumvi.

Wa kwanza ni Mzee Mbaraka, mstaafu wa posta. Mtu nadhifu. Shati lake limenyooka hata siku ya mvua, na chokaa hakuigusa hata mara moja kwa kuwa alisikia inababua ngozi. Lakini macho alikuwa nayo. Kule gofuni palikuwa na ukuta wa kusini ambao chumvi na mvua vimeula, kila mtu anaujua kuwa ni ukuta mtupu. Mzee Mbaraka akasema hapana, kuna kitu. Akaanza kwenda kila asubuhi na kigoda chake na chupa yake ya chai, wakati jua linachomoza na mwanga unapita ubavuni mwa ukuta. Kwa muda mfupi tu, mistari ilijitokeza. Jua likipanda, imepotea. Akachora kidogo leo, kidogo kesho, kiangazi chote. Alipomaliza, akalikunjua karatasi lake mbele ya darasa, ghala zima likasogea kulitazama. Ilikuwa kamba moja iliyosokotwa, inayozunguka nyota baada ya nyota, na ukiifuata kwa kidole huoni inapoanzia wala inapoishia.

Wa pili ni Chande, kinyozi. Kijana wa makamo, mcheshi, mambo yote ya mji yanapitia kwenye kiti chake. Mkono wake haujui kutetemeka. Wengine wakichonga, chokaa inameguka. Chande akichonga, inamtii. Somoe alikuwa akimtazama anasahau kukanda.

Basi wakuu wa mji wakamwambia Bi. Mwajabu: ukuta wa mbele wa ukumbi wa mji umechakaa, tunaukabidhi kwa darasa lenu, upambeni. Bi. Mwajabu akasema tutaupamba kwa nakshi ya ukuta wa kusini, na tutafuata desturi ya gofu, pembe ya kulia tutaacha nafasi ya kiganja. Darasa lote litafanya kazi, na kiganja kitakuwa cha yule ambaye bila yeye ukuta usingekuwapo. Mtakubaliana wenyewe.

Somoe aliposikia hivyo, aliacha kukanda. Ukumbi ule aliujua kuliko mtu yeyote. Kila harusi watu huingia kwa mlango wa mbele na manukato yao, na yeye huingia kwa mlango wa nyuma na masufuria yake. Kiganja chake kikae mbele! Wajukuu wa wajukuu wapite, waweke vidole vyao ndani ya vidole vyake! Alitamani mpaka akaona aibu.

Siku ya ukuta ikafika. Na kwa vile Mtandawala ni Mtandawala, siku hiyo hiyo palikuwa na harusi ukumbini. Bibi harusi ataingia baada ya alasiri, na familia yake ilitaka aingie ukuta ukiwa tayari unang'aa. Kwa hiyo kule mbele darasa linapaka chokaa, kule nyuma Somoe anapika harusi na kukanda chokaa kwa wakati mmoja. Mkono huu pilau, mkono huu chokaa. Mwenzenu alikuwa na raha zake.

"Sikilizeni," Bi. Mwajabu aliwaambia asubuhi. "Tabaka la mwisho likishapakwa, mnachonga papo hapo. Adhuhuri imeshakaza. Ikikaza hamchongi tena, mnavunja."

Somoe akakanda. Pembeni mwake palikuwa na ndoo mbili nyeupe: moja ya maji, nyingine ya shira nyepesi ya sukari iliyopoa, ya kumwagia kaimati za wageni, yale maandazi madogo ya mviringo. Akiwa katikati ya kukanda, shangazi wa bibi harusi, Bi. Tausi, akatokea mlangoni.

"Somoe, pilau haijaungua hiyo?"

"Bi. Tausi, pilau yangu iungue kwani mimi nimekufa?" Somoe akamjibu, uso umemgeukia shangazi, mkono umenyanyua ndoo, akamimina. Akakanda, akapima kwa kidole namna inavyovutika, akaridhika. Chokaa ikabebwa mbele, ikapakwa ukutani. Karatasi la Mzee Mbaraka, lililotobolewa vitundu kufuata mistari, likabandikwa, likapigwa vumbi la makaa likapenya kwenye vitundu, nakshi ikahamia ukutani. Chande akashika kisu, akaanza.

Alichonga nyota ya kwanza, akachonga ya pili, watu wanapiga makofi. Mara wakaja ndugu wa bwana harusi wanahema.

"Chande! Bwana harusi kajinyoa mwenyewe!"

"Kajinyoa mwenyewe? Kwa nini?"

"Kwa wasiwasi. Upande mmoja umekwisha kabisa. Twende, tafadhali, tusiaibike."

Chande akautazama ukuta, akawatazama ndugu. Alikuwa amewaahidi tangu mwezi uliopita. "Narudi sasa hivi," akasema, akaondoka na kisu cha kuchongea mkononi, akakumbuka, akarudi kukiweka.

Na nyinyi mnaijua "narudi sasa hivi" ya kinyozi. Kichwa kilikuwa kibaya kuliko alivyoambiwa. Kisha wakamkaribisha kahawa, akakataa, wakamkaribisha tena. Kisha baba wa bwana harusi naye akataka ndevu zake zitengenezwe. Adhuhuri ikaadhiniwa Chande hayupo. Ukumbini darasa limekaa chini, vichwa vimeinama. Wengine walijaribu kuchonga, Bi. Mwajabu akawazuia wasije wakaharibu. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Imekwisha," akasema. "Imeshakaza hiyo. Bibi harusi ataingia na ukuta wa nyota mbili."

Chande akafika anakimbia, jasho linamtiririka. Akashika kisu bila tumaini, akagusa ukuta. Kisu kikazama. Akagusa pengine, kikazama. Chokaa ilikuwa mbichi vilevile kama asubuhi!

"Bi. Mwajabu, njoo uone!"

Bi. Mwajabu akagusa kwa kidole gumba. "Haiwezekani," akasema. "Chokaa haina tabia hii." Lakini hakukaa kuuliza. "Chonga, Chande, chonga!"

Chande akachonga. Nawaambia alichonga siku hiyo kama mtu anayelipa deni la heshima yake, nyota ikafuata nyota, kamba ikapita juu, ikapita chini, watu wamesahau hata kula. Na alipokuwa anamalizia ndipo mtu mmoja akasema, "Jamani, hawa sisimizi wanatafuta nini ukutani?"

Kweli. Walikuwa wamejipanga kutoka ardhini, wanapanda, wakifika kwenye chokaa wanasita, wanarudi nyuma, wanakuja wenzao. Darasa likashangaa. Wakati huo huo sauti ya Bi. Tausi ikatoka nyuma:

"Nani kanimwagia maji kwenye kaimati? Zimevimba kama sponji wala sukari hazina!"

Somoe akashika kichwa. Alielewa palepale. Alitazama ukuta, akatazama sisimizi, akaona mji mzima umemgeukia.

"Ni mimi," akasema. "Nimekanda chokaa kwa shira."

 Bi. Mwajabu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Sukari ndiyo iliyoizuia chokaa isikaze, akawaambia. Bila shira ile, saa sita ukuta ungekuwa jiwe. Darasa zima likalipuka kwa kicheko, wanakumbatiana, na Bi. Tausi peke yake ndiye aliyekuwa hajaona kinachochekesha.

Basi ukuta ukakamilika. Mzuri! Ikabaki pembe ya kulia, nafasi ya kiganja.

Mzee Mbaraka akakunja mkono wa shati lake lililonyooka, mara ya kwanza maishani mwake, akasogea. Chande akasogea. Somoe akasogea. Wakatazamana.

Mzee Mbaraka akasema, "Bila mimi, kingechongwa nini? Miaka yote mlipita mbele ya ukuta wa kusini mkasema mtupu. Mimi niliiona. Bila mimi nakshi hii ingekufa."

"Shikamoo yako, Mzee Mbaraka," Chande akasema, "lakini wewe umenakili. Mwenye nakshi kalala chini tangu enzi. Tena ukuta huu hujaugusa hata kwa ukucha. Bila mimi hilo ni karatasi. Mvua moja tu, limekwisha."

"Na wewe uliutupa ukuta ukaenda kunywa kahawa."

"Nilikwenda kutimiza ahadi! Na nilirudi. Mbona hamkumpata mwingine wa kuchonga nilipokuwa sipo?"

Somoe akajifuta chokaa mikononi. Aliona aibu kusema, na aliona uchungu kutosema. Mwishowe akasema, "Bila mimi, Chande angerudi akakuta jiwe."

Mzee Mbaraka akamtazama kwa upole. "Bi. Somoe, usichukie. Lakini hukukusudia. Lile lilikuwa kosa. Na kosa halina mwenyewe."

Hapo sauti ya Somoe ikarudi, ile ya kufika barabarani. "Halina mwenyewe? Shira ile ingeubomoa ukuta, mngesema kosa la nani? Mngesema la Somoe! Mpaka wajukuu wangu wangeambiwa, bibi yenu ndiye aliyeharibu ukumbi. Lingeharibu, lingekuwa langu. Limeokoa, halina mwenyewe? Na chokaa yote hii imekandwa na nani, wageni?"

Watu wakasema, "Lo! Kweli." Wengine wakasema, "Kweli gani? Bahati ni bahati."

"Shira ilikuwa yangu!" Bi. Tausi akasema kutoka mlangoni. "Mbona hamnitaji mimi?" Wakamcheka, akaondoka amenuna.

Mtu mmoja akapendekeza viganja vitatu. Darasa zima likakataa. Hiyo si desturi, viganja vitatu ni uchafu wa watoto. Mwingine akasema basi paachwe patupu. Bi. Mwajabu akatikisa kichwa. "Ukuta usio na kiganja," alisema, "ni ukuta ambao wenyewe walishindwa kupatana. Mnataka mjukuu wenu asome hivyo?"

"Wewe mwalimu, amua."

"Sikupaka, sikuchonga, sikukanda. Nitaamua nini?"

Chande akamgeukia Somoe, mzaha wote umemtoka. "Bi. Somoe, mama yangu, nikwambie kitu. Mimi kazi yangu nikikata nywele leo, wiki mbili zimeota. Kila kichwa cha mji huu kimepita mikononi mwangu, na hakuna hata kimoja kinachoonesha kuwa nilikigusa."

Mzee Mbaraka naye akasema, taratibu, "Mimi kule posta nimeshika maneno ya watu miaka yote. Yamepita, yamekwenda kwa wenyewe. Hata neno moja halikuwa langu."

Somoe akawasikiliza wote wawili. Siku zote alidhani uchungu ule ni wake peke yake katika Mtandawala nzima. Aliwatazama wenzake wawili, akawapenda, na bado, Mungu amsamehe, alikitaka kile kiganja. Akakitaka zaidi kuliko asubuhi. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka, na wa Chande umenyanyuka, na wa Mzee Mbaraka umenyanyuka.

Mara vigelegele vikasikika mtaa wa pili. Bibi harusi anakuja, ngoma mbele, ndugu nyuma. Bi. Mwajabu akainama pembeni, akabonyeza kwa kidole.

"Shira imefanya kazi yake, sasa imechoka," akasema. "Inakaza. Mnao muda wa kutosha mkono mmoja tu."

Basi nyinyi mliokula hadithi yangu bure, sasa fanyeni kazi. Mmoja aliona ambacho macho ya mji mzima hayakukiona, lakini hakukibuni wala hakukigusa. Mmoja alichonga ambacho mkono wa mwingine haungeweza, lakini aliuacha ukuta ukimngoja. Mmoja aliukanda ukuta na kuuokoa, lakini aliuokoa kwa kukosea. Bibi harusi yuko kwenye kona, chokaa inakaza, na mikono mitatu iko hewani.

Je, kibandikwe kiganja cha nani?